Asidi Isiyokuwepo: Tunachonunua Tukienda Kukandwa

Jumanne moja ya Oktoba nilishuka ngazi za ploti yetu kinyumenyume, kiganja kimoja ukutani, kama mtoto anayejifunza kutambaa. Ghorofa ya nne, lifti hakuna. Jumapili nilikuwa nimekimbia kilomita 21. Jumatatu nilishinda kazini nikitamba kwamba mwili haujalalamika hata kidogo. Mlinzi wa langoni alinitazama hadi nilipotua chini, akajikaza asicheke, akashindwa. "Mkubwa, ni nani amekupiga?"

Jioni hiyo nilienda kukandwa. Masaji, kama tunavyosema mjini. Chumba kidogo juu ya duka la dawa karibu na Ngong Road, Nairobi, mshumaa mmoja, muziki wa filimbi kwenye simu, mafuta ya nazi. Shilingi 2,500 kwa saa. Dada aliyenihudumia alikuwa na dole gumba la chuma. Alipofika pajani, juu kidogo ya goti, alisimama mahali fulani akabonyeza, nami nikaona kilichomtoa kanga manyoya.

"Hapa ndipo asidi imejikusanya, bosi," akasema. "Tunaitoa."

Usiku ule nililala usingizi mzuri, na hela yangu siijutii. Lakini asidi haikutoka. Haikuwepo.

Hadithi hii ya asidi imekula karne nzima. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1922 walipewa Archibald Hill wa Uingereza na Otto Meyerhof wa Ujerumani kwa kazi yao juu ya msuli: joto linalotoka unapofanya kazi, na uhusiano wa oksijeni na asidi ya laktiki (laktiki kwa kifupi), ambayo misuli huitoa ikifanya kazi kwa nguvu. Sehemu kubwa ya majaribio yao waliyafanya kwa misuli ya vyura. Habari ikatoka maabara ikafika kwa makocha, ikatoka kwa makocha ikaingia jimu, na kila ilipobisha hodi iliacha kitu mlangoni, mpaka ikabaki sentensi moja: ukiumwa na misuli, ni asidi imeganda. Ukweli ni kwamba laktiki inayojaa kwenye damu mtu anapokimbia kwa kasi hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama. Wala mwili hauitupi kama taka. Tangu miaka ya 1980 George Brooks wa California ameonyesha kwamba moyo na misuli mingine huichoma kama kuni. Kwa hiyo laktiki yangu ya Jumapili ilikwisha kabla sijala chakula cha mchana. Jumanne niliumwa na jambo jingine kabisa.

Jambo lenyewe lilishaanza kushukiwa hata kabla ya tuzo hiyo. Mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough, aliyekuwa akipima uchovu wa misuli ya vidole, alipendekeza kwamba maumivu yanayokuja kesho yake yanatokana na kuchanika ndani ya msuli wenyewe. Hakuwa mbali na shabaha. Leo tunajua kwamba nyuzi ndogo sana za msuli hupata majeraha ambayo macho hayayaoni, mwili hutuma kikosi cha kusafisha na kujenga, eneo huvimba kidogo, na neva hugeuka nyepesi kuguswa. Kazi hiyo huchukua muda. Ndiyo maana maumivu hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, na ndiyo maana Jumatatu nilipata nafasi ya kutamba.

Ukitaka kulielewa hili bila maabara, nenda milima ya Ngong. Kupanda vile vilima kunakuacha bila pumzi. Unasimama kila baada ya hatua kumi ukijifanya unapiga picha. Kushuka ni raha, watu wanapiga soga. Lakini atakayekulaza kitandani ni ule mteremko. Unaposhuka, paja linafanya kazi ya breki: linavuta huku linarefushwa, na msuli unaovuta huku unarefushwa ndio unaochanika zaidi. Wanaokimbia kwenye Southern Bypass wanalijua hili hata kama hawana jina lake. Mwinuko unakutoa jasho siku ile ile, mteremko unakutumia bili siku ya tatu.

Sasa turudi kwa yule dada na dole gumba lake, maana sitaki aonekane mwongo. Hakunidanganya. Aliniambia alichofundishwa, na waliomfundisha waliambiwa hivyo hivyo.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, walipima jambo lenyewe: je, masaji huongeza damu kwenye msuli uliotoka kazini na kuharakisha kuondoka kwa laktiki? Walikuta kinyume. Kila mkono ulipobonyeza ulizuia damu kwa muda, na laktiki ikakawia kidogo kutoka. Basi hata kama asidi ingekuwa ndiyo adui, mkono si silaha yake.

Hata hivyo mkono unafanya kitu, na hapa ndipo wanaodharau masaji wanapoteleza. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walikusanya tafiti 99 kuhusu njia mbalimbali za kujirudisha baada ya mazoezi: maji baridi, soksi za kubana, kujinyoosha, kutembea polepole, masaji. Masaji ndiyo iliyoongoza katika kupunguza maumivu ya siku zinazofuata na ile hali ya mtu kujihisi amechoka. Miaka miwili baadaye timu ya Sheffield, Uingereza, ikachambua tafiti 29 zenye washiriki 1,012. Ilitafuta kama aliyekandwa anaruka juu zaidi, anakimbia kwa kasi zaidi, ana nguvu zaidi au anadumu zaidi. Hakuna. Kilichoonekana ni mwili kulegea kidogo, na maumivu kupungua kwa kadiri ya asilimia 13.

Hizo asilimia 13 nimezitafakari sana. Kwa mtu anayeshuka ngazi kinyumenyume si haba. Lakini tofauti iliyomo ni kubwa kuliko namba yenyewe. Mkono unatuliza, haurekebishi. Msuli ulioumia Jumapili utapona kwa ratiba yake, uukande usiukande, na Jumatano ukijisikia mwepesi kwa sababu ulikandwa Jumanne, nguvu ya paja bado haijarudi. Anayedhani kupona ni kuacha kuumwa atarudi barabarani mapema, halafu ashangae goti limetoka wapi.

Kuna utafiti mmoja unaopendwa sana na wenye spa, wa Chuo Kikuu cha McMaster mwaka 2012. Vijana wa kiume 11 waliendesha baiskeli mpaka hoi, mguu mmoja ukakandwa kwa dakika kumi, kisha vikachukuliwa vipande vya misuli ya miguu yote miwili. Ule uliokandwa ulionyesha dalili za uvimbe kupungua. Ni kazi ya kuvutia, lakini ni vijana 11, na utafiti huo huo haukuona laktiki ikibadilika. Wanaoutangaza huisoma nusu ya kwanza.

Kujinyoosha ndiko kunakoniuma kukusema, kwa sababu nimefanya hivyo tangu shule ya msingi. Mwalimu wa michezo alitupanga mstari, tukagusa vidole vya miguu, tukahesabu hadi kumi, na aliyekunja goti alikula kiboko. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa kukusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyochambua tafiti 12, mojawapo ikiwa na washiriki zaidi ya 2,000, yalikuta kwamba kujinyoosha kabla na baada ya mazoezi kunapunguza kilele cha maumivu ya juma zima kwa pointi nne hivi katika kipimo cha pointi 100. Pointi nne! Ni sawa na kutoa jiwe moja kwenye lori la kokoto. Na kuhusu kuumia, mwaka 2000 jeshi la Australia lilifuatilia makuruta 1,538 kwa wiki 12. Walionyooshwa kabla ya mazoezi na wasionyooshwa waliumia karibu sawa.

Simwambii mtu aache. Kujinyoosha mara kwa mara kunamwongezea mtu nafasi ya kukunja na kukunjua viungo, na anayekaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi jioni Upper Hill anaihitaji nafasi hiyo. Kunaburudisha. Lakini msuli uliochanika haushonwi kwa kuvutwa, na ukiuvuta kwa nguvu siku ya pili unauongezea kazi. Sehemu hii nitaiachia hapo. Ushahidi wake hauna mengi ya kutafunwa.

Kinachonikera si masaji wala kujinyoosha. Ni jinsi tunavyoiga. Mtu anatazama Eliud Kipchoge, yule aliyekimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, anasikia kwamba kambini Kaptagat kuna mtaalamu wa kukanda, basi Jumatatu anaweka nafasi kwenye spa. Hasikii kwamba kambi ile watu hulala mapema usiku, na mchana hulala tena. Hasikii kwamba sehemu kubwa ya mbio zao ni za polepole, polepole kiasi ambacho kijana wa Karura Forest aliyevaa saa ya elfu arobaini angeona aibu. Wala hasikii kuhusu sahani. Watafiti waliopima chakula cha wakimbiaji wetu walikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu wanayokula inatokana na wanga, ugali ukiwa mbele, na chai ya maziwa yenye sukari mara tu baada ya mazoezi. Pale Kaptagat mkono wa mkandaji ni chumvi kwenye mboga. Huku mjini tumenunua chumvi tukasahau mboga.

Jambo hili lilinikaa sawa nilipomkumbuka nyanya yangu. Nililelewa Majengo, Pumwani, na mwanamke yeyote wa mtaa ule akijifungua, nyanya aliitwa. Alikwenda na beseni lake, taulo mbili, na maji ya moto yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini. Alikanda tumbo, kiuno na mgongo, asubuhi na jioni. Ukimuuliza kwa nini, alikwambia damu chafu lazima itoke. Maelezo yake, ukiyapima, ni ndugu wa damu wa maelezo ya dada wa Ngong Road: kuna uchafu ndani, mkono unautoa. (Na maji yenyewe mara nyingine yalikuwa moto kupita kiasi. Wapo wazazi waliounguzwa, na hilo silitetei.)

Lakini nyanya hakwenda na mkono peke yake. Alikwenda na uji wa pilipili manga. Alikwenda na amri ya supu, kila siku, na aliyeleta kuku mkonde alirudishwa naye sokoni. Juu ya yote alikwenda na arobaini: siku arobaini mzazi hafui, hapiki, habebi ndoo, haamshwi akilala. Mashemeji waliotaka chai walijipikia. Mume aliyeleta ubishi alitafutiwa kazi ya kupasua kuni. Nikiyatazama leo, naona tiba yenyewe ilikuwa pale, kwenye usingizi na chakula na mikono ya watu wengine kuchukua mzigo. Kukanda kulikuwa ruhusa ya kulala chini. Mwanamke mwenye mikono ya mama mkwe mgongoni mwake hawezi kuambiwa ainuke akaoshe vyombo.

Spa imechukua mkono, arobaini imeiacha Majengo.

Na si kosa la spa. Arobaini haiuzwi kwa saa. Fikiria ratiba ya mwenye mazoezi wa kawaida hapa mjini. Anaishi Rongai au Ruiru. Anaamka saa kumi alfajiri ili awahi jimu kabla ya kazi, maana ukikaa mpaka saa moja matatu haisogei. Jioni anafika nyumbani saa tatu, anakula, anashika simu, analala saa sita. Saa nne za usingizi. Homoni ya ukuaji, ile inayosaidia kutengeneza tishu, mwili huimwaga kwa wingi zaidi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, na mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi ili mambo mengine yote yaende sawa. Huyu anadaiwa saa tatu kila usiku, halafu Jumamosi anakwenda kulipa deni hilo kwa dakika sitini za mafuta ya nazi.

Chakula nacho. Akiba ya sukari ndani ya misuli ikishachomwa hadi chini huchukua siku nzima kujazwa, na hiyo ni kwa anayekula vya kutosha. Baada ya marathoni kamili ni siku kadhaa. Sahani ya ugali, maharagwe na mayai mawili kutoka kibandani inafanya kazi ambayo hakuna dole gumba litakaloifanya, lakini ugali sasa umekuwa adui wa vijana wa jimu. Wanaukwepa huku wakinunua unga wa protini wa elfu sita.

Nikiwa kwenye kukosoa, niseme pia kuhusu vidonge. Kuna mazoea ya kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kabla ya mbio, "ili miguu isinisumbue", kama vile mtu anameza pipi. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na mkimbiaji aliyepungukiwa maji ameshazibana figo zake tayari. Nikilinganisha, afadhali mara mia aende akakandwe na aambiwe habari za asidi.

Wapo watakaoniuliza: kama mtu amejisikia nafuu, wewe unamsumbulia nini kuhusu maelezo? Swali zuri. Kuguswa na mkono wa binadamu mwingine ni jambo kubwa katika mji ambao watu wanaishi chumba kwa chumba bila kujuana majina, na kama hilo ndilo linalonunuliwa, bei ni halali. Ningependa tu liuzwe kwa jina lake. Maelezo potofu yana gharama mbili. Ya kwanza nimeitaja, ya kurudi mazoezini kabla ya wakati. Ya pili ni kwamba anayeamini kila maumivu ni asidi ya kutolewa atabonyeza mahali pasipofaa kubonyezwa. Shavu moja la mguu lililovimba, lenye joto, linalouma kuliko mwenzake, huenda lina damu iliyoganda kwenye mshipa. Hilo ni la daktari, na kulikanda ni hatari. Mkojo wenye rangi ya soda nyeusi baada ya mazoezi mazito ni dalili kwamba misuli imevunjika kupita kiasi na figo ziko mashakani. Hapo ni hospitali usiku huo huo, si spa kesho. Na maumivu ya pale pale kwenye kano, yasiyoisha wiki mbili, yanamhitaji mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa. Tangu mwaka 2014 kuna sheria inayosimamia taaluma hiyo hapa Kenya, kwa hiyo kuulizia usajili si utovu wa adabu.

Kisha wapo ambao mjadala huu wote unawapita juu. Nenda Marikiti alfajiri uone hamali akishusha viazi. Kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50, lakini lumbesa haijasoma kanuni. Yule hamali haumwi na mapaja kama mimi baada ya kilomita zangu 21, na sababu yake inafurahisha: msuli ulioumizwa mara moja na kazi ya aina fulani hujikinga kwa wiki kadhaa zinazofuata, na uliofanya kazi hiyo kila siku umejijengea ngozi ngumu kwa ndani. Kinga hii inazidi mbali asilimia 13 za masaji. Haiuzwi popote, inapatikana kwa kuongeza kazi kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Mimi niliruka kutoka kilomita nane hadi 21 kwa sababu fulana ya mbio ilikuwa nzuri. Hamali ana tatizo jingine, la mgongo wa miaka na la kutokuwa na siku ya kukosa kazi, na hapo sayansi ya masaji haina la kumwambia.

Nilirudi kwa yule dada wiki tatu baadaye. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekula, nimeshuka Ngong taratibu, na mapaja yaliuma kiasi cha kuvumilika. Sikumwambia habari za vyura wala za Kanada. Alipomaliza na kuanza kujinyoosha vidole kimoja kimoja, nilimuuliza nani humkanda yeye.

Akacheka. Husimama kuanzia saa tatu asubuhi, akasema, na matatu ya Kayole humfikisha saa tatu na nusu usiku.

"Nikifika nalala chini kwenye mkeka, mtoto ananikanyaga mgongo. Ana miaka minne. Anajishikilia kwenye kochi, ananiambia, mama usipumue, nitaanguka."